Muhogo wa Siku Moja

Katika mtaa wetu hakuna mwanamke wa rika langu aliyesoma kunishinda. Mimi nimefika darasa la tisa. Shule yetu iliishia la saba, ni kweli, lakini la saba nililisoma mara tatu, na elimu ni elimu hata ukipewa ileile. Kwa hiyo nikieleza habari za walimu, jueni mnaelezwa na mtu aliyewatazama kwa muda mrefu, tena kutoka dawati la nyuma, ambako mwalimu huonekana vizuri zaidi kwa sababu hadhani kama huko kuna anayemtazama.

Habari hii ni ya Mwalimu Hizza Shekilindi, aliyefundisha miaka thelathini na moja, akastaafu, kisha akaenda nchi ya Hewalani. Alikwendaje? Alikwenda. Njia za nchi kama zile hazielezeki; mtu hujikuta amefika, viatu vina vumbi la kwingine. Alifika na suruali mbili, miwani, vipande vitatu vya chaki alivyosahau kuvirudisha shuleni, na kinyongo. Kinyongo chenyewe kilikuwa hiki: siku ya kumuaga, kwao walimpa hotuba ndefu na saa ya ukutani isiyo na betri, na mzazi mmoja akasinzia wakati yeye anatoa shukrani.

Mpakani, askari alimwuliza kazi yake.

"Mwalimu," alijibu.

Askari akavua kofia. Alikuwa na mvi kumshinda mgeni wake, lakini alipiga goti moja akasema, "Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba," Mwalimu Hizza alijibu kabla hajafikiri. Marahaba ile ilimtoka vizuri mno, akatamani kuamkiwa tena.

Alipelekwa moja kwa moja kwa Bwana Mlinganyo, Mrekebishaji Mkuu wa nchi. Huyu alikuwa mtu mwembamba, mwenye utepe wa kupimia shingoni kama fundi cherehani na daftari nene kwapani. Alimkalisha mgeni kwenye kiti chenye mto, yeye akabaki wima.

"Sheria mama ya Hewalani ni fupi, Mwalimu," alisema. "Mwalimu hakosei."

Mwalimu Hizza akacheka. "Hata kwetu tulikuwa tukisema hivyo hivyo."

"Ninyi mlikuwa mkisema," alijibu Bwana Mlinganyo, bila kucheka. "Sisi tunatekeleza."

Akamchukua kumwonyesha utekelezaji wenyewe.

Jambo la kwanza Mwalimu Hizza aliloliona ni kwamba mbuzi wa Hewalani hawana mikia. Zamani, alielezwa, mwalimu mmoja alichora mbuzi ubaoni, akaanza na pembe, akaja na miguu, na kengele ikalia kabla hajafika mkiani. Watoto walinakili kama walivyoona. Wiki iliyofuata idara ya Bwana Mlinganyo ilizunguka nchi nzima na visu. Tangu hapo kila mbuzi anayezaliwa hurekebishwa siku ya tatu. Inzi wanawasumbua sana, na kuna vijana wameajiriwa kuwapepea.

Jumatano pia hakuna. Mwalimu mwingine, aliyekuwa na homa, aliandika siku za wiki akairuka. Siku yenyewe bado inakuja, maana haikuwahi kwenda shule, lakini watu wanaipita kimya kimya, hawafungui maduka wala hawaamkiani. Watoto wanaozaliwa siku hiyo huandikwa kuwa wamezaliwa Alhamisi, na mama zao huambiwa wavumilie.

Kisha akaona mto. Ulikuwa unateremka kutoka mlimani kwenda bondeni kama mito yote, na kando yake watu wapatao mia mbili walikuwa wanapanda mlima na ndoo kichwani. Mwalimu mmoja wa zamani alikuwa amefundisha kwamba mto ule huenda mlimani. Kila raia ana zamu yake ya kuupeleka.

"Na unafika?" aliuliza Mwalimu Hizza.

"Unafika," alisema Bwana Mlinganyo. "Tatizo ni kwamba unarudi."

Kwenye daraja walisimama kidogo. Hesabu yake ilitolewa na mwalimu aliyesema saba mara nane ni hamsini na nne. Zilihitajika mbao hamsini na sita, zikawekwa hamsini na nne, na katikati pana pengo ambalo watu huliruka. Wajawazito hubebwa. Mwaka jana aliruka mzee mmoja, hakufika ng'ambo.

"Mliandika nini?" aliuliza Mwalimu Hizza, na safari hii sauti yake ilikuwa chini.

Bwana Mlinganyo akafungua daftari, akasoma: "Aliruka vibaya."

Mtu mwingine angegeuka pale pale akarudi alikotoka. Mwalimu Hizza hakugeuka. Sitamsingizia kwamba hakuona, aliona. Lakini wakati wa kuvuka alipishwa na watu wote, wakamshika mikono huku na huku, wakamvusha pengo kama yai, na akinamama upande wa pili wakampigia vigelegele. Miaka thelathini na moja hakuna aliyewahi kumpigia kigelegele. Akajiambia kwamba kila nchi ina mila zake.

Alipewa chumba nyumbani kwa Bi Mashavu, mjane wa umri wa kutosha kumwita mwanangu, ingawa kwa sheria alimwita Mwalimu. Bi Mashavu aliishi na mjukuu wake, Semeni, msichana wa miaka kumi na mmoja, mwenye tabia moja tu mbaya: akikuuliza jambo, alingoja jibu.

Siku ya pili walimpeleka barazani kusikiliza mjadala, maana baraza la Hewalani hujadili jambo moja kila mwaka, na jambo lenyewe ni jiwe. Ni jiwe refu kuliko mtu, limeegemezwa ukutani. Upande wa mbele zimechongwa haki za mwalimu: kutokosea, kupishwa njiani, kutoulizwa mara mbili, kukaa kivulini, na nyingine nyingi. Upande wa nyuma, uliobanwa na ukuta, umechongwa wajibu wa mwalimu. Huo hakuna aliye hai aliyeusoma. Mjadala ni kama ligeuzwe au lisigeuzwe.

Mjumbe mmoja alisema likigeuzwa, haki zitautazama ukuta, na ukuta hausomi. Wa pili alisema wajibu uliokaa gizani miaka yote hiyo hautavumilia jua. Wa tatu alikumbusha kwamba babu yake aliwahi kupenyeza mkono nyuma apapase herufi, akaumwa na nge, na baraza la siku zile likaandika kwamba wajibu una sumu. Watu wakapiga makofi.

"Bibi," Semeni alinong'ona, kwa mnong'ono unaosikika safu tatu, "kwa nini wasilisogeze katikati ya uwanja, mtu akazunguka akasoma pande zote?"

Baraza zima likacheka. Mwalimu Hizza naye akacheka. Alicheka kwa sauti, kama mtu wa humo humo. Baadaye, aliponisimulia mwenyewe sehemu hii, hakunitazama usoni.

Kesho yake akapewa darasa. Tusimwonee mtu: Mwalimu Hizza alikuwa anajua kufundisha. Alikata chungwa akawaonyesha robo na nusu, wakala robo na nusu zao, wakaelewa. Aliwafundisha kuandika barua ya pole, kwa sababu aliona kila nyumba ina mtu aliyewahi kuruka vibaya. Watoto arobaini walimpenda, na kila alilosema waliitikia kwa pamoja, "Hewala!" Wiki ikaisha hajakatizwa hata mara moja.

Ndipo siku ya Ijumaa, Semeni akanyoosha mkono.

"Mwalimu, muhogo mchungu unalowekwa siku ngapi ndio uchungu utoke?"

"Kwani nyumbani hawaloweki?"

"Wanaloweka, Mwalimu. Lakini kila nyumba ina hesabu yake. Jirani wanasema tatu, bibi anasema nne, kule bondeni wanasema tano. Mimi nataka jibu la shule."

Sasa mjue kwamba Mwalimu Hizza ni mtu wa milimani. Kwao wanakula ndizi, wanakula makande, na muhogo wanaoujua ni ule mtamu, wa kuchoma na kutia pilipili. Muhogo mchungu hajawahi kuuloweka, hajawahi kuuchungulia kisimani, hajui kinachotoka wala kinachobaki. Alijua kabisa kwamba hajui. Neno lenyewe lilipanda kutoka kifuani likafika kwenye meno. Ni neno dogo, silabi tatu. Lakini mbele yake kulikuwa na nyuso arobaini na penseli arobaini zimekaa tayari, na yeye hakuwa amesema neno hilo mbele ya darasa tangu alipoajiriwa. Akalimeza.

"Siku moja," alisema. Aliisema moja kwa sababu ni fupi kutamka.

"Hewala!" darasa likaitikia, likaandika.

Kufika alasiri, warekebishaji walikuwa wametapakaa kwenye visima vyote vya kuloweka, wanatangaza kwa baragumu. Kwanza watu hawakuamini. Kisha wanawake wakaanza kuruka na kukumbatiana. Katika historia yote ya Hewalani hakujapatikana somo lililompunguzia mtu kazi, yote yaliongeza. Hili lilikuwa linawarudishia siku tatu nzima. Bwana Mlinganyo mwenyewe alionekana akitabasamu, jambo lililowatia watu hofu kidogo. Akaamuru muhogo uingie majini siku ile ile, utoke Jumamosi, na Jumamosi mchana mji mzima ukutane uwanjani kuula. Watoto watakula mwanzo, maana somo ni lao.

Mwalimu Hizza alimkuta Bi Mashavu uani, anamenya muhogo kwenye beseni.

"Mwalimu wangu, Mungu akuzidishie," alisema mama yule. "Kumbe sisi wajinga! Siku nne! Mama yangu alikufa anahesabu siku nne, na mama yake vilevile. Maisha yetu yote tumekaa kuusubiri muhogo kama tunasubiri posa."

"Kwa nini mlikuwa mnasema nne, Bi Mashavu?"

"Ah, ujinga tu. Mwaka wa njaa kulikuwa na nyumba hapo nyuma, baba, mama na watoto watano. Walishindwa kungoja. Wakautoa muhogo siku ya pili, wakachemsha, wakala. Mlango wa nyumba ile tulikuja kuufungua sisi majirani." Akamenya muhogo mmoja mpaka mwisho, ganda likaanguka zima. "Ndiyo sisi tukadhani ni muhogo. Lakini wewe umesema siku moja, na mwalimu hakosei. Basi haukuwa muhogo. Sijui yule mama na wanawe walikufa kwa kitu gani."

Akamtazama kidogo, kisha akachukua muhogo mwingine.

Mwalimu Hizza alitaka kusema neno, akaomba maji ya kunywa.

Alikaa nyuma ya nyumba kwenye kigoda, na jambo alilokuwa amelizika miaka kumi na tisa likaja likakaa naye. Shuleni kwao alikuwa na mwanafunzi akiitwa Mhina. Siku moja Mwalimu Hizza alifundisha kwamba popo ni ndege. Mhina akanyoosha mkono akasema popo si ndege, popo ananyonyesha, yeye amemwona darini kwao na mtoto kifuani. Darasa likacheka. Mwalimu akamchapa fimbo nne kwa kumkatiza mkubwa. Mchana ule ule, ofisini, akafungua kitabu akakuta Mhina amesema kweli. Alikifunga kitabu. Siku iliyofuata akaingia darasani akafundisha mimea.

Mhina hakunyoosha mkono tena mpaka alipomaliza shule. Leo ni fundi wa baiskeli pale njia panda, na Mwalimu akipita huinuka na mikono yake yenye grisi, akamwamkia kwa heshima zote. Fimbo nne zile Mwalimu Hizza angeweza kuzisahau. Shikamoo ile ndiyo iliyokuwa inamchapa kila siku ya gulio.

Akanyanyuka, akaenda kwa Bwana Mlinganyo.

"Karibu, Mwalimu, karibu! Nchi nzima inakuombea dua."

"Bwana Mlinganyo, lile somo la muhogo. Nilitaka kuliongezea neno."

"Liongezee."

"Ni siku moja, ndiyo. Siku moja na nyinginezo."

"Nyinginezo ngapi?"

"Kama tatu hivi."

Bwana Mlinganyo akahesabu kwa vidole. "Hizo ni nne."

"Ukizijumlisha, ndiyo."

"Mwalimu," alisema Bwana Mlinganyo kwa upole, "somo si kanzu, halitiwi kiraka. Siku moja ni siku moja. Au unataka kuniambia ulikosea?" Akafungua daftari, akashika kalamu, akangoja. Hakuwa anatisha. Alikuwa anauliza tu kama karani anavyouliza jina la baba.

"Mfano tu," alisema Mwalimu Hizza. "Mwalimu akisema amekosea. Mfano. Adhabu yake nini hapa?"

Bwana Mlinganyo alishusha kitabu cha sheria kutoka rafuni, akapuliza vumbi, akatafuta ukurasa, akamgeuzia. Juu kulikuwa na kichwa cha habari, *Adhabu ya Mwalimu Aliyekosea*. Chini yake karatasi ilikuwa nyeupe.

"Haijaandikwa. Hajapatikana wa kumwandikia."

"Kwa hiyo hakuna adhabu?"

"Hakuna. Utasema umekosea, nitaandika, tutauacha muhogo majini, utakwenda nyumbani kulala."

"Basi tu?"

"Basi tu."

Ingekuwa viboko, Mwalimu Hizza angevitazama akaona aibu kuviogopa. Ingekuwa jela, pengine angeingia huku anaimba. Wanaume wengi ni hodari mbele ya jela. Lakini hapakuwa na kitu chochote kati yake na neno lile isipokuwa neno lenyewe. Alisimama mbele ya ukurasa mweupe muda mrefu, mzee wa miaka sitini na moja, akijua kwamba mjini kuna watoto arobaini walioandika uongo wake kwa mwandiko mzuri aliowafundisha yeye. Kisha akavaa kofia.

"Nilikuwa natoa mfano," alisema, akaondoka.

Jumamosi ikafika kama ilivyotangazwa. Uwanja ulifagiliwa, mikeka ikatandikwa, masufuria makubwa yakapangwa juu ya mafiga. Muhogo ulichemshwa ukatiwa nazi na bizari, na harufu yake ilikuwa nzuri. Hilo nalo Mwalimu Hizza hakulitegemea. Alikuwa amejipa moyo kwamba labda utanuka vibaya, watu wakaukataa wenyewe. Watoto walikaa mstari wa mbele, wale arobaini wa darasa lake na wadogo zao, hata wale wa kubebwa. Kila mmoja alikuwa na sahani ya bati mapajani. Nyuma yao walikaa wazazi. Bwana Mlinganyo alisimama pembeni na daftari lake.

Mwalimu Hizza alikuwa amejiambia njiani kwamba atasema. Akifika mkekani atasema. Alipofika mkekani akajiambia atasema baada ya kunawa. Semeni akaja na birika na beseni, akapiga goti, akammiminia. Mwalimu alinawa vidole, akanawa viganja, akanawa viwiko, akarudia vidole. Alinawa mpaka birika likaisha.

"Nilete lingine, Mwalimu?" aliuliza Semeni.

"Ee, hapana. Inatosha."

Bi Mashavu akaleta sahani mwenyewe, imejaa, mvuke unapaa. Akaiweka mbele yake kwa mikono miwili. "Karibu, Mwalimu. Mgeni atangulie, watoto wafuate."

Watoto walikuwa wameshika matonge, wanamtazama mkono wake.

Mkono haukwenda. Aliuamuru unyanyuke ili aseme, haukunyanyuka. Aliuamuru ule, nao ulikataa, maana mwili una akili zake. Ulimi, ambao kwa miaka thelathini na moja haukuwahi kukosa la kujibu, ukatafuta njia ya kutokea, ukaipata.

"Mimi leo nimefunga," alisema Mwalimu Hizza.

Minong'ono ya heshima ikapita kwenye mikeka. Wazee wakatikisa vichwa: mtu mwenye elimu, tena mcha Mungu.

"Umefunga, Mwalimu?" aliuliza Bi Mashavu. Hakuwa ameondoka.

"Nimefunga."

"Tangu lini?"

"Tangu alfajiri."

"Hewala," alisema Bwana Mlinganyo, akiandika. "Mwalimu yumo katika ibada, hatutamsumbua. Basi watoto na waanze."

Hapo ndipo Mwalimu Hizza alipokuwa na nafasi ya mwisho, na aliijua. Aliona mikono midogo inapanda kuelekea midomoni. Aliona mtoto wa mwaka mmoja hivi anapuliziwa tonge na dada yake lipoe. Midomo yake mwenyewe ilikuwa imeshikana.

"Lakini Mwalimu," alisema Semeni, bado na birika tupu mkononi, "na uji?"

Mikono ya watoto ikasimama hewani.

"Uji gani?" aliuliza Bwana Mlinganyo.

"Uji wa asubuhi. Wa ulezi. Mwalimu alikunywa pale barazani kwetu, jua limeshatoka. Mimi ndiye niliyempelekea."

Hewalani jambo kama hili lilikuwa halijatokea, lakini Bwana Mlinganyo alikuwa mtumishi wa miaka mingi, hakutetereka. Alilowesha ncha ya kalamu kwa ulimi. "Mwalimu amesema amefunga. Kwa hiyo uji haukunywewa. Nitaandika hivyo. Kikombe kipo?"

"Nimeshakiosha," alisema Semeni.

"Vizuri. Kikombe ni kisafi. Uji haukunywewa."

"Vilikuwa viwili," alisema Semeni. Hakuwa anashitaki. Alikuwa anaweka hesabu sawa, kama alivyofundishwa wiki ile kwa chungwa. "Cha pili aliomba mwenyewe. Akasema nimwongezee sukari."

Mtu mmoja nyuma akaanza kucheka, akaacha.

Bwana Mlinganyo akamgeukia Mwalimu Hizza. Katika sauti yake kulikuwa na kitu kama kubembeleza. "Mwalimu, sema neno moja tu, nirekebishe. Hukunywa, sivyo?"

Mwalimu Hizza alifungua mdomo. Watu wote walikuwa wanautazama, wakubwa kwa wadogo, na kwa mara ya kwanza tangu avuke mpaka hapakuwa na aliyeitikia kabla hajasema. Akaufunga. Macho yake yakateremka yenyewe mpaka kwenye sahani ya muhogo, yakakaa pale, yakashindwa kutoka. Mji mzima ukaona anavyoitazama.

Mwanamke mmoja akanyoosha mkono, akamnyang'anya mwanawe tonge. Kisha mwingine. Sahani za bati zikaanza kuwekwa chini, moja hapa, mbili kule, mpaka uwanja mzima ukasikika kama mvua inayoanza kwenye paa.

Bi Mashavu aliinama, akaichukua sahani iliyokuwa mbele ya Mwalimu Hizza, akaifunika kwa kawa taratibu, kama mtu anayefunika kitu cha mgeni ili inzi wasikiguse.

"Mwalimu amefunga," alisema, huku anamtazama yeye peke yake. "Basi leo tumefunga sote."